Alhamisi za Chura Shimoni

Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana Sugar Land, nje kidogo ya Houston, nyumbani kwa nesi mwenzangu, Mkenya aliyeolewa na Mwingereza. Unanijua, mwaliko wa kula huwa siukatai. Nilifika na chupa ya juisi mkononi, nikavua viatu mlangoni, na kabla sijakaa vizuri mume wake akafungua oveni. Harufu ikanifikia sebuleni sijaona kitu bado. Ilikuwa harufu ya shahamu iliyochemshwa mpaka ikatoa moshi, ndani yake unga na mayai, na nyuma ya vyote hivyo utamu-utamu fulani kama wa nyama iliyosahauliwa kwenye gari. Nikamwambia mwenyeji wangu nimeacha simu nje. Simu ilikuwa mfukoni. Nilisimama kwenye lile jua la Houston linalochoma utosi, nimeshika mlango wa gari, napumua kwa mdomo kama mjamzito. Mimi, ambaye kazini nasafisha vidonda vilivyooza bila kukunja uso.

Chakula chenyewe pengine hukijui, na ni bahati yako. Ni cha Waingereza. Unapanga soseji kwenye trei yenye mafuta ya moto, unazimwagia rojo la unga, mayai na maziwa, unarudisha ovenini. Rojo linaumuka, linazizingira soseji mpaka zinabaki zinachungulia tu. Wenyewe wamekipa jina ambalo babu yangu, mzaa mama, alilitafsiri kama lilivyo: chura shimoni. Nilikula chura shimoni kila Alhamisi kwa karibu mwaka mzima, nikiwa na miaka minane, na sijawahi kuchukia kitu kinachoingia mdomoni kama nilivyokichukia kile.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Alief, humo humo Houston, mimi na mama, vyumba viwili ghorofa ya juu, kwenye zile apatimenti za matofali zenye ngazi za chuma zinazolia mtu akipanda. Nikirudi shule nilipita katikati ya mapishi ya dunia nzima. Mlango wa kwanza Wanaijeria wanakaanga pilipili mpaka unapiga chafya. Wa pili Wavietinamu na mchuzi wao wa samaki. Chini yetu kabisa mama mmoja wa Kikongo anatwanga sombe, kisamvu chao, mchi unagonga mpaka vikombe vyetu vinatikisika kabatini. Nilitamani kila kitu. Unaikumbuka njaa ile ya utotoni, ya kurudi na begi mgongoni, unahisi unaweza kula hata ngazi. Kisha napanda kwetu, na kama ni Alhamisi, njaa inakufa kwenye ngazi ya tatu kutoka juu, pale harufu inapoanzia.

Babu alikuja baada ya bibi kufariki kule Muheza. Mama hakutaka abaki peke yake, na yeye mwenyewe alihitaji mtu wa kukaa na mimi, maana asubuhi alisomea unesi na kuanzia mchana alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Babu alishuka uwanja wa ndege na sanduku moja. Ndani yake, katikati ya mashati, kulikuwa na trei nyeusi ya kuokea iliyofungwa kwa kanga ya marehemu bibi. Alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge, Mwingereza, tangu ujana wake mpaka yule meneja alipofunga mizigo na kurudi kwao. Trei ndiyo waliyomwachia. Siku ya pili tu akaiona oveni yetu, ambayo mama alikuwa akiitumia kuhifadhia masufuria. Aliyatoa yote, akaingiza kichwa ndani, akakaa hivyo kwa muda, akatoka anatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao.

Soseji zikawa kazi. Za Texas alizikataa, alisema zimekaushwa kwa moshi na kutiwa pilipili mpaka zimesahau kuwa nyama. Mama alimzungusha kwa gari Jumamosi nzima, duka la Wameksiko, duka la Wavietinamu, duka kubwa la kule barabarani, mimi kiti cha nyuma. Mwishowe akapata alizozitaka. Nakumbuka alivyoziinua kwenye mwanga wa friji ya duka. Zilikuwa mbichi, nyeupe-pinki, zenye ngozi nyembamba ya kung'aa, na kwangu zilifanana kabisa na vidole vya mtu aliyekaa kwenye maji siku nyingi. Babu alisema, "Hizi sasa ndizo." Mama akaniangalia kwenye kioo cha gari tulipoondoka, na mimi nikamwangalia.

Alhamisi ilikuwa siku ya chakula hicho kule kwa meneja, basi ikawa Alhamisi na kwetu. Babu alioga mchana, akavaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, akatundika taulo dogo kwenye mkono wa kushoto. Meza yetu ya plastiki aliitandikia shuka. Aliniwekea uma kushoto na kisu kulia, mimi niliyezoea kula kwa mkono na wakati mwingine mbele ya televisheni. Nilipomjibu kwa Kiingereza, maana shuleni nilikuwa nimeshaanza kuona aibu ya Kiswahili, alijifanya hasikii mpaka nirudie. "Bibie," ndivyo alivyoniita, "chakula tayari." Akanipakulia kutoka upande wa kushoto, akarudi nyuma, akasimama kando ya friji, mikono kaikunja mbele. Hakukaa. Hata siku moja hakukaa. Mimi nikimaliza ndipo alijisongea ugali wake kidogo na dagaa, akaula jikoni akiwa amesimama.

Siku ya kwanza kabisa nilimwuliza chura yuko wapi. Alicheka, akasema yumo, nikila mpaka mwisho nitamkuta. Utani wa babu kwa mjukuu. Lakini wiki ile mvua ilikuwa imenyesha Houston kama inavyonyeshaga, vyura wakatoka kwenye mtaro, na mmoja alikuwa amekanyagwa na gari pale tunapoegeshea, akakauka, tumbo limepasuka na miguu imetawanyika. Nilimruka kila asubuhi nikienda kwenye basi la shule. Sasa nikae mezani, nichome uma kwenye lile umbo lililolala ndani ya rojo, maji ya mafuta yaruke, nione ngozi imepasuka ubavuni na nyama ya kijivu imechomoza. Nitamwona nani, kama si yule?

Na usifikiri ni jina tu. Niache nikueleze, maana watu wakisikia habari hii hudhani nilikuwa mtoto mwenye maringo. Juu rojo lilikuwa gumu, linakwaruza ufizi. Chini lilikuwa tepetepe, zito, limelowa mafuta, linajishikiza kwenye meno na kaakaa kama gundi. Katikati palikuwa na sehemu isiyoiva wala kuwa mbichi, ya ute, inayotetemeka. Soseji ukiiuma inapasuka kwa sauti ndogo na kukutemea mafuta vuguvugu kwenye koo. Juu ya yote alimwaga mchuzi wa kahawia wa vitunguu, usio na nyanya, usio na ndimu, usio na pilipili, mchuzi uliopoa ukatengeneza utando. Na yale mafuta! Aliyahifadhi kutoka Alhamisi hadi Alhamisi kwenye kopo la kahawa kando ya jiko, meupe yameganda, na vipande vyeusi vya wiki zilizopita ndani yake. Mapazia yalinuka, nywele zangu zilinuka. Mwalimu wangu aliwahi kuniuliza kwa upole kama nyumbani tuna shida ya maji.

Nilipokataa, babu hakufoka. Alisema tu, "Chakula hakikosei. Anayekosea ni mlaji," akaendelea kusimama pale pale. Angesimama mpaka kesho.

Mama naye alikuwa na njia yake. Alikuwa akimwambia, "Baba, nimekula kazini, nifungie nibebe kesho kwa lunch." Babu alimfungia kwenye boksi la plastiki kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama anamviringisha mtoto mchanga. Asubuhi moja nilishuka ngazi nikamkuta mama kwenye maegesho amefungua lile boksi juu ya pipa la taka, analigonga kitako ili vitoke vyote. Aliponiona akasema, "Usimwambie babu." Basi nikajua kumbe inaruhusiwa.

Nikaanza mimi. Nilikuwa na sweta lenye mfuko mkubwa mbele. Babu alipogeuka kuloweka trei, soseji iliingia mfukoni, ikaja na ya pili, na kipande cha rojo nilichokifinyanga mkononi. Nikasema naenda kunawa. Chooni nikavitupa, nikavuta maji, vikazunguka mara mbili tatu na kupotea. Ulikuwa ushindi mkubwa, ingawa kulala na sweta lile pembeni kulinifanya nitapike mara moja. Nilirudi mezani, babu akaiona sahani tupu, na uso wake ukawa na kitu ambacho sikukijali wakati ule. Alifurahi. Alikuja kuchukua sahani, akaiangalia kwa muda kabla ya kuiosha.

Sijui nilifanya hivyo Alhamisi ngapi. Siku moja jioni nilivuta maji, na badala ya kushuka yakapanda. Yalipanda taratibu, ya kijivu, na vipande vya rojo vimevimba vinaelea juu kama mkate uliooza, yakafika ukingoni, yakamwagika kwenye vigae, yakaenda kwenye zulia la ukumbini. Nilifunga mlango nikakaa nje nimeuegemea, kana kwamba nikiushikilia hayatatoka. Babu aliona miguu yangu imelowa. Alinisogeza, akaingia, akakunja mikono ya lile shati jeupe, akapiga magoti na kuanza kuchota kwa bakuli.

Haikupita muda mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa chini, yule wa Kikongo, bado ameshika mwiko. Alisema kwa sauti ya chini, kwa heshima, na hilo likaniumiza kuliko kama angegombana. "Papa, mayi iko naanguka mu nyumba yangu. Imeingia mpaka mu sufuria." Babu alimwomba msamaha, akaomba ruhusa, akashuka naye. Mimi nikabaki juu, kwenye ile harufu, nikisikia viti vikisogezwa chini. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi hakuniuliza kitu. Alidhani bomba ni bovu.

Fundi wa mabomba alikuja kesho yake, na nilirudi shule nikamkuta bado kazini. Alikuwa Msalvadori mchangamfu, amepiga magoti na waya wake mrefu wa kuzungusha, anaupeleka ndani na kuurudisha. Alikuwa ametandaza mfuko mweusi wa taka sakafuni. Juu yake alikuwa ameshapanga alichokitoa. Sitaki kukuharibia chakula, ila ndilo jambo lenyewe, lazima niliseme. Zilikuwa soseji. Zilikuwa zimevimba unene wa mkono wangu wa utoto, kijivu, nyingine zimeota utelezi wa kijani, ngozi zinateleza na kubaki kwenye waya. Zilinuka kitu ambacho hata leo, na kazi yangu hii, sijakinusa tena. Fundi alicheka, akainua moja kwa glovu, akamwuliza babu kwa ishara, nani kaificha hii hapa?

Babu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Aliipokea ile soseji kwa mkono mtupu. Aliigeuza. Mpishi anaijua kazi yake hata iliyotoka kwenye maji taka. Kisha akaniangalia pale mlangoni nilipokuwa nimesimama na begi langu.

"Kumbe hata hukutafuna," akasema.

 Mama alipopata habari alinichapa, halafu akaenda chumbani na kufunga mlango, na nadhani ninajua alichokuwa anakifikiria. Alhamisi iliyofuata babu hakuoga mchana. Alinipa mkate na maziwa, akaenda kukaa kibarazani. Lile kopo la mafuta alikuwa amelitupa, trei ameifunga kwenye kanga. Nyumba ilianza kunukia vizuri, nami sikuweza kufurahi. Baada ya wiki mbili aliomba apelekwe kwa mjomba wangu, Lewisville, kaskazini mwa Texas, akasema anataka kuwaona wajukuu wa huko. Mama alidhani ni wiki moja. Mjomba alimfuata kwa gari, na babu akashuka zile ngazi na sanduku lake lote. Aliniwekea mkono kichwani alipopita. Hakuniita bibie.

Sasa mama hakuwa na mtu wa kukaa na mimi. Aliyejitolea ni yule mama wa chini, ambaye dari yake bado ilikuwa na doa la manjano kwa sababu yangu. Nilikuwa nikitoka shule nafikia kwake, nakaa chini na watoto wake, tunakula bugali, ndio ugali wao, na sombe kwenye sinia moja. Siku moja, anachambua maharage, akaniambia kwamba yule mzee wetu alikuwa mtu mwema. Nikamwuliza kwa nini. Akanisimulia kwamba jioni ile ya maji, babu alimpangusia sakafu na dari kwa mikono yake, akalimwaga lile sufuria lililoharibika, akaomba maharage, akaomba nazi, akawapikia watoto chakula kingine. Watoto wale, alisema, hadi leo wanakiulizia. Mkubwa wao akadakia kwamba hajawahi kula maharage matamu kama yale, kwamba walilamba hadi mwiko.

Niliona kama nimepigwa kofi. Kumbe babu alijua kupika. Mwaka mzima nilikula kile kitu, na kumbe mikononi mwake kulikuwa na maharage ya nazi.

Tulienda Lewisville shule zilipofungwa kwa ile sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga. Saa nne za barabara, mimi nimelibeba lile swali tumboni. Mjomba alikaa kwenye apatimenti kama zetu, ila mpya zaidi na kimya zaidi. Hakukuwa na harufu ya mtu yeyote kwenye ngazi. Babu alikuwa amepungua. Mke wa mjomba alisema hagusi jikoni, anasema amechoka, anakaa dirishani akiangalia magari. Kesho yake, saa nne asubuhi, mama alikuwa anamkata kucha, mimi nimekaa kwenye zulia. Nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena. Nikamwomba msamaha kwa zile soseji, kwa Kiswahili, nikaunga moja kwa moja: kwa nini wale watoto wa chini aliwapikia maharage ya nazi, na mimi hakunipikia?

 Akasema maharage ni chakula cha uani. Hicho kila mtu anampikia mwanawe.

Halafu akaanza kueleza, si kwangu hasa, alikuwa akizitazama kucha zake. Kule kwa meneja soseji zilihesabiwa zikiingia ovenini na zikitoka. Yeye aliruhusiwa kuonja chumvi ya mchuzi tu. Watoto wa meneja walikula nusu, wakasukuma sahani, na amri ya mama wa nyumba ilikuwa kwamba mabaki ni ya mbwa. Basi alitoka na sahani, akampa mbwa, akasimama hapo mpaka mbwa amalize, arudishe sahani. Jioni akifika kwake, binti yake mdogo alikuwa akimngojea njiani. Kila Alhamisi yule mtoto alishika mikono ya baba yake akainusa, kidole kwa kidole, na kuuliza leo amewaletea nini. Na kila Alhamisi hakuwa na kitu.

"Nilimwahidi nitampikia," babu akasema. "Kizima, cha moto, akiwa amekaa mezani. Nilichelewa. Nilipopata oveni, alikuwa ameshakula kazini."

Mama alikuwa ameacha kukata kucha. Binti aliyenusa mikono ni yeye. Alibaki ameishika ile mikono ya babu, na nilimwona anaiangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka. Sijui kama alikumbuka. Alichosema ni, "Baba, nipikie leo."

Soseji za sampuli ile zilipatikana, mjomba alizifuata. Trei ikatoka kwenye kanga. Babu alivaa shati jeupe, na mama akamsubiri apakue. Alipotaka kurudi nyuma kusimama kando ya friji, mama akamvutia kiti. Alikataa. Mama akasema hatakula mpaka baba akae, na mama ni mtoto wa babu kwa ukaidi. Akakaa, pembeni ya kiti, taulo bado mkononi. Nikamwekea mimi uma na kisu.

Tulianza. Nilijilazimisha, machozi yananitoka, na si ya huruma, ni ya kinyaa. Rojo lilikuwa lile lile na mafuta yale yale, na ujue kuelewa hakubadilishi ladha. Mama alikuwa anatafuna, anatafuna, hamezi. Babu alikata kipande kidogo sana, soseji na rojo pamoja, kwa ustadi, kama alivyowaona wakikata. Akakiweka mdomoni. Tukamwangalia wote. Alitafuna taratibu, akaacha kutafuna kidogo, akaendelea. Akameza kwa shida. Akaweka uma chini.

"Ndicho hiki?" akauliza.

Mama akasema ndicho.

"Miaka yote ile," babu akasema. "Ni kibaya hivi?"

Mama alikuwa bado na donge mdomoni, akacheka nalo, likatoka, likaanguka kwenye shuka ya mke wa mjomba. Babu akalitazama lile donge, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akalazimika kujifuta na taulo la kupakulia. Alisema yule mbwa, maskini, kumbe alikuwa akimwonea wivu bure. Kisha akainuka, akazichukua sahani zote tatu, akazimwaga mwenyewe kwenye pipa, akauliza kama humu ndani kuna nazi.

Alirudi Alief pamoja nasi, akakaa miaka sita. Aliniita bibie tena. Alipika maharage ya nazi, samaki wa kupaka, wali ambao Wanaijeria walipanda kuuliza umetiwa nini. Alhamisi zikawa siku kama nyingine. Alipofariki tulimrudisha Muheza, akalala karibu na bibi. Trei sijui iko wapi. Katika kuhama-hama itakuwa imeachwa kwenye kabati fulani, na aliyeikuta atakuwa ameitupa.

Zile apatimenti bado zipo. Zimepakwa rangi ya kijivu na ngazi zimebadilishwa, hazilii tena. Wanaijeria walinunua nyumba, mama wa chini na wanawe walihamia jimbo lingine, mchi wake nao. Nilipita hapo mwaka jana na mwanangu wa kwanza, tukasimama kwenye maegesho na madirisha wazi. Hakukuwa na harufu yoyote. Watu wanaletewa chakula kwenye mifuko ya karatasi, mlango unafunguka, mkono unatoka, mlango unafungwa. Mwanangu naye yuko hivyo. Asipotaka nilichopika, namwagizia kingine, na wala simlaumu. Naona ni ustaarabu. Pengine ni uchovu.

Mama sasa amestaafu, anakaa na mimi. Hatukizungumzii sana chakula kile, na tukikizungumzia tunakunja uso wote wawili. Kinyaa changu ni kizima kabisa, rafiki yangu. Sitaki uondoke hapa ukidhani nimekuja kukipenda kwa ajili ya babu. Kile chakula ni kibaya, yeye mwenyewe alikiri. Ninachokikosa ni kusimamiwa mezani na mtu ambaye nikiisukuma sahani, anaumia.